Fisi Wangu Anafungia Karanga

Mama Elina, shikamoo, na pole kwa mizigo ya watu unayoibeba kila wiki. Mimi ni mkulima wa kijiji cha ujamaa huku Mnyuzi na naomba uninusuru, maana mwisho wa mwezi huu nitaumbuka, na ningeumbuka peke yangu nisingekusumbua, ila ataumbuka na mke wangu ambaye hana kosa lolote.

Mama, mimi napenda kuchora tangu utoto, na mke wangu Zamda ni mtu wa Bungu, kichwa chake kimejaa hadithi za bibi yake, basi mwaka jana tukatunga kitabu cha katuni, maneno yake na picha zangu, cha fisi anayejiunga na kijiji cha ujamaa na kuomba kazi ya kulinda zizi la mbuzi, na kila ukurasa unaisha mate yanamdondoka huku mbuzi mmoja anamtazama tu. Karatasi tulinunua kwa mauzo ya maharage yetu, mwalimu mmoja akatusaidia kudurufu, tukavishona wenyewe kwa uzi wa katani. Nikavipeleka duka la vitabu mjini Korogwe, wakasema hawapokei kitabu kisicho na kampuni, nikaenda duka la ushirika, yule bwana akaniambia rafu zake ni za sabuni na chumvi, ndipo nikampa Kasmiri, kondakta wa basi la Tanga na Moshi, avitembeze kwa mali kauli, alipe akishauza. Haukupita muda akaniletea vijisenti akasema vimekwisha vyote. Nilikwenda nyumbani mbio, nikamwambia Zamda kitabu chetu kinasomwa mpaka Moshi, naye akawaambia kina mama wote shambani, na sasa wanamwita Mama Fisi na anaitika kwa furaha.

Sasa sikia. Juzi nilikuwa Mkumbara kutafuta mbegu, basi likasimama, wauza karanga wakalizunguka, nami nikamwona fisi wangu mkononi mwa mama mmoja anaitwa Mwantumu, amekunjwa kifuko, ana karanga tumboni. Kila kifuko kwenye ungo wake ni ukurasa wa kitabu chetu! Basi lenyewe lilikuwa la Kasmiri, nikamvuta pembeni, wala hakuona haya, akasema, "Kaka, kitabu hakiuziki, karatasi ndiyo inauzika. Nimempimia yule mama kwa kilo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Bado nimeduwaa, abiria mmoja akatoa kichwa dirishani akisema, "Mama, nitafutie kifuko chenye mbele ya hii hadithi, huyu fisi kaishia wapi?" Mwantumu akamjibu, "Baba, mimi nauza karanga, fisi simjui." Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa karibu, "Eti kaka, hizi picha unazijua?" Nikasema, "Sizijui, kazi ya mtu asiye na kazi." Mama Elina, nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikanunua kifuko kimoja nikakikunjua, ulikuwa ukurasa wa kwanza, pale palipoandikwa "Maneno ni ya Zamda", na jina la mke wangu limelowa mafuta. Nililia njia nzima.

Nilipofika nyumbani aliniuliza habari za kitabu, nikajikuta nasema kuna mama mmoja Mkumbara amevichukua vyote. Si uongo, lakini ni uongo. Zamda akapiga kigelegele, akasema, "Baba Mwaija, lazima nikamshukuru huyo mama." Amekwisha tenga jogoo wa kumpelekea, na mwisho wa mwezi, tukishavuna, tunakwenda wote. Chini ya kitanda kuna vitabu vingine vimebaki. Nivichome, niseme vimeliwa na mchwa? Nimwombe Mwantumu anifichie? Na mtu asiye na kampuni anauzia wapi kitabu chake, au tutulie tulime tu?

Mimi Mchora Fisi, Mnyuzi.

JIBU

Marahaba, Mchora Fisi. Nimekuonea huruma mpaka pale uliposema "sizijui". Pale huruma ikanitoka.

Mafuta ya karanga hayajamwaibisha mkeo, baba. Umemwaibisha wewe, ulipomwita mtu asiye na kazi mbele ya watu, naye hayupo wa kujitetea. Na sasa unataka kumfundisha uongo mama wa watu anayejitafutia riziki yake juani. Thubutu! Usiguse kiberiti, wala usimsingizie mchwa.

Tena una macho ya kuchora, ya kuona huna. Mtu amechungulia dirishani mwa basi akitafuta ukurasa unaofuata, nawe ukaona karatasi tu. Duka la vitabu lilikupa msomaji gani? Kasmiri alikupa nani? Mwache Kasmiri, hajali fisi wala mbuzi, na methali yake usiilalie: hata chumvi hutembezwa, na hakuna aliyesema ni mbaya.

Nenda kwa Mwantumu na jogoo wako, anamstahili. Mwambie picha ni zako. Mwombe avining'inize vitabu vizima kwenye kamba pale anapokaa, apate fungu lake kwa kila kimoja. Zile kurasa za kwanza mdurufu nyingi, mumpe bure afungie karanga, na chini yake muandike kwamba kitabu kizima kipo kwa Mama Mwantumu, Mkumbara. Abiria akiulizia fisi, safari hii atajibiwa. Nakala moja ipeleke darasa la kisomo hapo kijijini, watu wazima wamechoka kusoma habari za mbolea. Vikisomwa pale, Mnyuzi stesheni nako utapata mtu wa kukuuzia.

Lakini hayo yote baadaye. Kwanza mketishe mkeo, mpe ule ukurasa wenye mafuta, umwambie yote, hata lile neno ulilosema. Atakasirika, na ana haki. Mficha uchi hazai.

Nikwambie na langu. Wengi wanaoniandikia hawajanunua gazeti hili hata siku moja. Wananisoma kwenye karatasi iliyofungia dagaa, jibu limekatika katikati, nao wananiuliza nilimalizaje. Najibu, na sijawahi kusema huyo Elina simjui.

Kwa hiyo fanya haraka. Ukisoma haya, gazeti limekwisha fika Korogwe, na lile la wiki jana liko kwa wauza karanga. Mkeo anajua kusoma. Mwambie leo, kabla hajanunua karanga.