Treni ya Papa Imemwacha Bwana Yangu Samba

Papa yangu,

Mujukuu wako Amina amefunga viatu vyangu kwa kamba sasa hivi, kimoja nyuma ya kingine, anavivuta chini anasema ni treni ya babu. Hajaona treni hata siku moja. Nilimuangalia nikasikia machozi yanakuja, ndipo nikachukua kalamu.

Amani ya Mungu ikukute hapo Kindu. Ule mugongo wako unaendelea namna gani? Sisi tuko wazima. Lava ya volkano ilipokula nyumba tulihamia Kibati, waasi wakatutoa Kibati, tukakaa Kanyaruchinya chini ya hema. Sasa niko hapa mjini, Himbi, kachumba ka nyuma kwa mama mumoja ninayemfulia nguo. Ni mwema. Lakini mutu wa kunitania kama nyumbani, hakuna. Siku nyingine naongea na Amina peke yake mpaka jioni.

Papa, nakuandikia sababu ya Saidi. Unajua alikuwa Lubumbashi kutafuta kazi, tukapatana arudi mbele ya mimi kuzaa. Tumbo limeingia mwezi wa nane, ndege haiwezi tena kunibeba, na mabomu tunayasikia upande wa Kibati. Sitaki kuzaa peke yangu. Basi alipanda treni, afike Kindu, atoke hapo na ndege aje huku. Juzi akanipigia kwa simu ya mukubwa wa gare, kituo cha treni pale Samba.

"Zaina, treni imeniacha."

"Imekuacha namna gani, na ulikuwa ndani?"

"Nilishuka pale mulimani kununua ndizi."

"Haukukimbia?"

"Nilikimbia, mama. Ndizi nikatupa, kiatu kimoja nikatupa. Treni ya papa yako haina huruma."

Nilicheka, kisha nikalia. Papa, usimuite mujinga. Hata sisi tulishuka pale, treni ya zamani ikipanda polepole, marehemu Mama ananunua mihogo, tunachuchumaa kwenye majani, tunapanda behewa la nyuma bila hata kuharakisha. Nani angemwambia kama mumeweka reli mupya? Uliniandikia treni sasa inakimbia mpaka kuku wanashangaa. Mimi nikadhani unajisifu.

Mukubwa wa gare anasema treni ingine labda mwezi ujao. Mutoto wa tumboni hatangoja. Simu yako haipatikani siku tatu, najua muko kazini porini, kwa hiyo barua hii anakuja nayo mama muuza vitenge, anapanda ndege kesho asubuhi. Papa, ile gari ndogo ya kukagua reli, muombe mukubwa wako akuachilie siku moja, umufuate Saidi. Sijawahi kukuomba kitu cha kazi yako. Begi lake la kahawia lilifika Kindu bila yeye, uliza gare, ndani kuna nguo za mutoto.

Mukiwa njiani usimcheke sana. Ana haya mbele yako.

Nisalimie Mama mudogo anayekupikia, kaka yangu muvuvi, na shangazi wa ng'ambo ya muto, mwambie mafuta ya mawese yake nayakumbuka kila siku. Kama ni mwanaume nitamupa jina lako. Kama ni musichana, Saidi alisema

Ngoja Papa, mama mwenye nyumba ananiita, simu yangu iko kwake kwa chaji. Anasema kuna muzee anacheka kwenye simu, yuko Samba na mutu wa kiatu kimoja, anauliza kama