Ulipoomba Udongo Mgonjwa

Voi, 1957

Mpendwa Baba Wakesho,

Nakuandikia ingawa najua posta haifiki huko uliko. Acha nicheke kwanza, maana nimekumbuka ulivyozunguka kwa majirani na karai kichwani. Matikiti yetu ya kando ya mto yalikuwa yamenyauka yote: asubuhi mabichi, jioni majani yamelala. Ugonjwa ulikuwa ndani ya udongo, na kila mtu aliukimbia. Watu huomba mbegu, wewe ukaomba ugonjwa! "Nipeni udongo wa pale yalipokufa," uliwaambia, nao wakakupa upesi, wasije wakaambukizwa wazimu.

"Unataka kutuua kwa njaa?" nilikuuliza.

"Nataka kujua ni tikiti lipi lisilokufa humo, Mama Wakesho."

Ulikusanya mbegu za kila aina, hadi za vijiji vya mbali vya Njukini na Bomeni, ukazipanda zote kwenye udongo ule. Wageni waliokula tikiti kwetu hawakuruhusiwa kutema mbegu ovyo; hata mchungaji ulimpitishia bakuli, nami nikatamani ardhi inimeze. Katika kukusanya huko ndipo tulipoona kosa letu. Tangu enzi za mama zetu, tuliweka mbegu za tikiti lililo tamu kuliko yote, hata kama mmea wake ulikuwa unakufa huku sisi tunalila. Tulionja tu, shina hatukuliangalia.

Mimea iliyosimama ilitokana na mbegu za jirani yetu Mkamba, Mama Mutua, aliyepanda matikiti magumu, meupe ndani, ya kulisha mbuzi. Nilionja nikatema. Wewe ulifurahi kama aliyepata mtoto. "Hili tutalioza kwa lile tamu," ukasema. Vidole vyako vilikuwa vinene mno, kwa hiyo harusi hiyo ikawa kazi yangu. Jioni nilifunga maua kwa uzi wa katani, nyuki wasituharibie. Asubuhi nikachuma ua dume la tikiti gumu, nikapaka unga wake kwenye ua jike la tikiti tamu. Ulisimama nyuma yangu umezuia pumzi. Nilikupenda sana wakati ule, jitu zima linaogopa kupumua mbele ya ua.

Watoto wa harusi ile hawakufa, lakini walikuwa wachungu!

"Mvumilivu hula mbivu," ulisema.

"Na mbivu zenyewe ndizo hizi?" nikakujibu. Ukacheka hadi ukakaa chini.

Tukawaoza tena kwa matamu, tukarudisha mbegu kwenye udongo mgonjwa. Mengi yalikufa. Yaliyopona tuliyaoza tena. Ndipo homa ilipokuchukua, mbegu za mwisho zikiwa bado hazijapandwa.

Baada ya mazishi, mdogo wako alishuka kutoka kwenu mlimani, Wusi. "Shemeji, twende nyumbani. Hapa hamna shamba, kuna makaburi ya matikiti." Hana roho mbaya, alituhurumia. Lakini unajua kipande chetu kule mlimani kinavyolimwa na wanawe. Mimi na Wakesho tungekuwa wageni hadi kufa. Nikamwomba msimu mmoja tu, nipande zile mbegu za mwisho. Akakubali, akasema yakishindwa atakuja na punda kutuhamisha.

Alikuja naye kweli. Mashina mengi yalikuwa yamekauka, machache yamesimama na matunda yake. "Kusimama si hoja," akasema, "hata mwiba husimama. Nani atakula uchungu?" Akaanza kumpakia punda vyombo vyangu. Mimi nikachukua kisu. Kuonja mwenyewe sikuthubutu. Nilimpa yeye kipande cha kwanza. Alikula, maji yakimchuruzika hadi kwenye shati, kisha akanyoosha mkono aongezwe. Alipomaliza alijifuta, akamwendea punda, akaanza kufungua kamba.

Ni tamu, Baba Wakesho. Nimeandika yote haya ili nikwambie neno hilo tu. Nina furaha, na nina hasira nawe pia, kwa nini hukungoja? Jana Mama Mutua alikuja kuomba mbegu nikampa, na wengine wanakuja. Nikiinama shambani bado nasikiliza kama umezuia pumzi nyuma yangu, halafu nalia kidogo, kisha naendelea kufunga maua.

Pumzika sasa, mume wangu. Vyombo vyangu vimerudi ndani, na sisi hatuondoki.

Mkeo,
Mama Wakesho