Oili Mpya Kwenye Injini Iliyokufa

Tandika, Temeke
Jumapili, baada ya misa

Dada mpendwa Sista Auleria,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na masista wenzako, na kwamba baridi ya milima ya huko Morogoro haijakurudishia kile kifua. Mimi sijambo, ila mgongo unauma na kucha zangu zina weusi ambao sabuni ya unga imeshindwa kuutoa. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya shirika inakaa kwa mama mkuu, na haya si mambo ya kupitishia kwa mama mkuu. Sista Filomena, aliyekuja huku kutibiwa meno, amekubali kukuletea.

Dada, nimechoka na wazazi wako. Nasema wako kwa sababu leo sitaki wawe wangu.

Unakumbuka tulivyokubaliana kuhusu lile gari la Baba, Pijo. Presha ya macho ilipoanza kumla, daktari akasema kuona kwake kutapungua kidogo kidogo mpaka kuishe, lakini mzee hakutaka kuachia usukani. Aligonga nguzo ya umeme, akasema nguzo ndiyo iliyosogezwa. Wewe ndiye uliyesema tusimnyang'anye ufunguo, tutamvunja moyo, bora tumwambie injini imenoki. Siku alipokwenda kliniki nikaimwaga oili yote, na aliporudi nikamwambia gari limekufa, likiwashwa litasaga vyuma. Ulinihakikishia kwamba Mungu anaelewa uongo wa namna hiyo, nami nikaona anayesema ni sista, nani nibishe. Baba alinisikiliza, akaitikia, akaomba chai. Tangu hapo gari limekaa uani Bunju chini ya turubai, na kila Jumamosi nikienda kuwaona nalikuta limefunikwa vilevile.

Sasa mwezi uliopita nilifika mapema kidogo, nikamkuta mzee ameketi ndani ya gari, amefunga mkanda, ameketi kiti cha abiria. Roho iliniuma. Nikajisemea, maskini Baba, hata upande wa usukani haujui tena, na bado anatamani kuendesha. Nikaona uongo wetu hautoshi, maana siku atakapomwita fundi yeyote wa mtaani ukweli utatoka, na siku nyingine ataliwasha mwenyewe, aingie nalo barabara ya Bagamoyo akakutane na malori. Nikaamua niifungue injini yote, vyuma vichukuliwe na wanunuzi wa skrepa, tuwe tumemaliza.

Fundi sikuweza kumwita, kwa sababu fundi angesema injini ni nzima. Ikabidi niwe fundi mimi, karani wa watu, ambaye kwa siku hushika mihuri na stepla. Niliazima spana kwa jirani yangu wa hapa Tandika, nikaangalia video kwenye simu mpaka vifurushi vikaniishia.

Hao wazazi wako walivyonisumbua sijui nikuelezeje. Baba alianza kwa kusema marehemu hafukuliwi. Mama, ambaye maisha yake yote amelilalamikia gari lile kwamba linakula kuliko watoto, ghafla akawa mtetezi wake. Nikishika spana, ananituma mchele. Nikirudi na mchele, chumvi imeisha. Jumamosi iliyofuata aliwakaribisha wanajumuiya nyumbani, wakasali rozari nzima wamezunguka boneti, nikabaki nimesimama katikati yao na mikono michafu nikiitikia Salamu Maria. Spana namba kumi na saba nilikuja kuiona ndani ya ungo, chini ya dagaa. Nilipouliza imefikaje huko, Mama akasema dagaa wa siku hizi wana mambo.

Nikakaza moyo, kazi ikaendelea, nayo haikunihurumia. Bolti moja ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikatikia ndani. Hedi ilipokubali kutoka ilitoka kwa nguvu, na silivu mbili, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zikainuka pamoja nayo, jambo ambalo kwenye video walionya lisitokee. Baba muda wote alikuwa kwenye kiti chake barazani, na kila chuma kilipolia alikunja uso kama mtu anayeng'olewa jino. Nilimwambia aingie ndani apumzike, akasema yuko msibani, na mtu haondoki msibani kabla ya maziko.

Jana ndiyo nikafika chini, kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini linamokaa oili. Sikuweka hata beseni, kwani oili niliimwaga mwenyewe kwa mikono hii. Nikalala chali, nikalegeza bolti, na oili ikanishukia shingoni, ikaingia sikioni, ikateremka mpaka kifuani. Haikuwa yale mabaki yanayojichuja na kubaki kwenye kona. Ilikuwa nyingi, ilikuwa imejaa, na ilikuwa mpya. Oili iliyolala miaka kwenye injini huwa nyeusi na nzito, lakini hii ilikuwa safi kiasi kwamba niliona vidole vyangu ndani yake. Mtu ameiweka, tena si zamani.

Nilitambaa nikatoka nikiwa nachuruzika. Baba alikuwa amegeuzia uso ukutani. Mama alikuwa anachambua mchele ambao alikwisha kuuchambua. Niliuliza nani ameweka oili kwenye gari hili, na Mama akaanza kuuchambua upya. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Nikaamini kuna kijana wa mtaani amegundua mzee haoni, analichukua gari na kulifanyia teksi, na hawa wawili wanamwogopa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Rukaiya, yule jirani wa geti la bluu, hata shati sikubadilisha. Nikamuuliza kama amewahi kumwona mtu akiendesha gari letu. Alinitazama, akaitazama oili, akaniuliza kwani sijui kwamba Mama Auleria ndiye anayewapelekaga misibani mtaa mzima. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Muuza genge naye akacheka. Kumbe Bunju yote inajua, dada, isipokuwa watoto wa nyumba.

Niliporudi, Mama aliweka ungo chini akanieleza bila kupepesa macho. Wiki ileile niliyomwaga oili, Baba alimwita fundi kutoka Mwenge, anaitwa Marijani. Fundi alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akamwambia mzee gari halina ugonjwa wowote, mtu ameimwaga oili yake tu. Mama anasema Baba hakusema neno siku mbili, wala hakutaka tupigiwe simu. Siku ya tatu alimwita yeye Mama, akamwambia aingie, akae kwenye usukani.

Ndiye Baba yetu huyu. Huyu aliyekuwa akisema mwanamke akishika gari, gari linaharibika tabia. Alimfundisha kwenye uwanja wa mpira nyuma ya shule, yeye ameketi pembeni haoni kitu, na Mama alipochelewa kubadili gia alimwambia kabla injini haijaanza kulalamika. Baadaye Mama akaenda chuo cha udereva, akakaa darasani na vijana wa umri wa wajukuu, akapata leseni. Alinionyesha, na kwenye picha ametoka vizuri. Akaniambia, Baba yenu anasikiliza injini, mimi natazama barabara, na hatujawahi kumgusa hata kuku.

Nikauliza kwa nini basi wameniacha niipasue injini nzima. Akasema yeye alitaka kunizuia, na ndiyo habari ya spana, ila Baba alikataa. Alisema aliyetangaza kifo aachwe azike mwenyewe. Halafu alidhani nitashindwa kwenye bolti ya kwanza.

Sasa nakuambia jambo ambalo Mama ameniomba nisikuambie, kwa sababu siri za nyumba ile zimenichosha. Oili ile ilikuwa ya safari. Walikuwa wanakuja Morogoro kwenye nadhiri zako za daima, bila kukutaarifu. Daktari amemwambia Baba kwamba jicho la kulia limeshafunga, na la kushoto halitafika mbali. Anataka akuone siku hiyo, akuone kwa macho, angali anaona hata ukungu wa sura yako. Kupanda basi hataki. Anasema hatafika mbele ya binti yake akiwa ameshikwa mkono na kondakta.

Niliposikia Morogoro nilishtuka. Nikaona malori, nikaona mteremko, nikaona Mama na miwani yake. Nikasema kwa umri huu haiwezekani, nikanyoosha mkono nikamwambia nipe ufunguo.

Injini iko vipande vipande juu ya turubai, dada, na mimi nimenyoosha mkono naomba ufunguo.

Mama hakukasirika. Aliuangalia ule mkono, akasema taratibu, ndiyo maana hatukuwaambia.

Nikaushusha mkono. Wangeniambia, ningekupigia wewe siku hiyohiyo, nawe ungesema tuwazuie kwa upendo, na tungewazuia. Najua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nakuandikia ili tuigawane, maana uongo tuliugawana.

Fundi Marijani alikuja jana jioni. Alipoona silivu zilivyokaa aliniuliza kwa adabu kama nilikuwa nina ugomvi na gari hili. Anasema litarudi, lakini gasketi zake ni za kutafuta, na hawezi kuapa kwamba litawahi sherehe yako. Mimi ndiye ninayezunguka kuzitafuta. Kama unazo sala za ziada, usiniombee mimi, ombea gasketi. Na wakifika hapo getini kwenu, jifanye umeshangaa. Najua unaweza.

Wasalimie masista wote, na mama mkuu mpe salamu zangu bila maelezo. Wifi yako na watoto wanakusalimu. Mama anakusalimu sana na anauliza kama sweta lilikutosha. Baba nilimwomba salamu za kukuandikia, akasema wewe na mimi tumemsemea vya kutosha, salamu zake atazileta mwenyewe, yeye na dereva wake.

Mdogo wako,
Gozbert