Simbi Yako Kikapuni

Bi Mwanatumu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikatua kalamu, kama mjinga, nikingoja marahaba yako.

Nasari yetu imekwenda, Bi. Madiwani wameamua madarasa yote ya watoto wadogo yapewe mkandarasi kutoka Mombasa, kwa mkataba, kama barabara na vyoo vya soko. Na kosa ni langu. Nilikwenda kututetea mbele yao, nimejitanda leso uliyoniachia. Diwani mmoja akaniuliza, "Mwalimu Mejumaa, una watoto wangapi?" Nikasema sijui. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ningewaambiaje kwamba wewe ulinikataza? "Mtoto wa mtu hahesabiwi kama nazi, mwanangu. Muite jina lake." Majina yote nilikuwa nayo, Bi, wa kwanza hadi wa mwisho. Wao walitaka nambari, na ulimi ulinigomea. Wakasema huu ni uhuru gani wa kuendesha darasa, mwalimu hajui hata idadi ya watoto wake! Nilikukasirikia sana siku ile. Hasira haijaisha yote.

Kikapu chako cha ukindu kingali kando ya mlango. Kila mtoto akiingia hutia simbi yake, kauri yake ya pwani, akienda kwao huitoa, nasi hufunga mlango kikiwa kitupu, kama ulivyotuzoesha. Ila tangu tukuzike hakiwi kitupu. Hubaki moja, ile yako yenye ufa, uliyoitia asubuhi ile ukaanguka kabla ya adhuhuri. Mimi huitoa nikaiweka dirishani. Kesho yake naikuta kikapuni. Pengine kuna mtoto anayeirudisha. Sijawauliza, naogopa wote watakataa. Na nikifuta ubao hunipitia harufu ya asumini yako, nami sigeuki.

Mkandarasi alianza Jumatatu. Bwana nadhifu, ana filimbi shingoni. Aliwapanga mstari akawagusa vichwa kwa kalamu, mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti. Mama mmoja mlangoni alinitazama kama aliyemwona mwizi, kwa kuwa niliacha mwanawe ahesabiwe. Nikainamisha uso.

Adhuhuri alipuliza filimbi, watoto wakatimka, kila mmoja akinyakua simbi yake kwa mazoea. Yeye akatia kufuli. "Asubuhi walitimia, sina haja ya kuwahesabu tena," aliniambia, akafunga kitabu chake. Kikapu akaniambia nikiondoe, ni takataka. Nikakichukua bila kukitazama. Nilijua kimebaki na moja.

Nilikuwa nimefika kisimani niliposikia simbi zikigongana. Simbi moja haina cha kugongana nacho, Bi. Nikatazama. Ya ufa, na nyingine.

Nilikimbia mpaka leso ikanidondoka njiani. Nilimkuta bwana yule akipanda baiskeli, nikamshika mkono, mimi mwanamke wa watu, nikamwambia fungua. Nyuma ya mikeka iliyokunjwa alikuwa amelala Mwanasiti, yule mdogo kuliko wote, uliyekuwa ukimlisha viazi kwa mkono wako. Amerowa jasho, machozi yamemkauka mashavuni. Nilipomwinua hakulia. Alisema, "Bi kaniambia nilale, Mwalimu yuaja."

Mtoto huyo humwita Bi mtu mmoja tu, nawe wajua ni nani. Bwana wa filimbi alibaki na ufunguo mkononi. Mimi nililia kwa sauti mbele yake, sikujali.

Nilikuwa nimeazimia kuacha kazi. Siachi. Amekubali nibaki kama msaidizi, na kikapu kimerudi mlangoni pake, japo bado anakitazama kwa jicho baya. Simbi yako siiweki tena dirishani. Hasira nimeiweka chini pia, au nyingi yake.

Basi kwaheri, mwalimu wangu. Mungu akulaze pema. Kama bado unakuja, njoo, sitaogopa kugeuka. Nami nakuahidi hivi: kila siku, kabla ya kufuli kutiwa, nitakitikisa kile kikapu. Kisiponyamaza, mlango haufungwi.

Mwanao,
Mejumaa