Mtu wa Shati la Bluu

KITUO CHA POLISI CHA BANDARI
MAELEZO YA SHAHIDI

Anajulikana kama: Fundi Makochi
Umri: miaka 51
Kazi: kushona na kukarabati makochi na viti
Makazi: nyumba za nyuma ya ghala la barafu
Siku ya kuandikwa: Jumanne, alasiri

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeitwa kwa simu nikaja kwa miguu yangu. Nimeonywa niseme kweli, na kweli nitaisema, ila naomba Afande aandike tangu mwanzo kwamba niligonga kichwa kwenye jiwe na nimeshonwa juu ya sikio. Kuna mahali katika habari hii ambapo mambo yamenichanganyikia, na hata sasa hayajakaa sawa. Ninachokijua nitasema nakijua. Nisichokijua nitasema sijui.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya Jumapili, mapema asubuhi, nilifika kwenye ukuta wa mawe unaokinga bandari. Juu yake kuna njia nyembamba ya saruji, na pande zote mbili yamemwagwa mawe, mengine makubwa kuliko jokofu. Upande wa kulia ni bahari wazi. Upande wa kushoto ni maji ya bandari, yametulia. Katikati ya mawe kuna matundu, na ukiangusha kisu humo, umeshakiaga. Mimi huvua hapo kila Jumapili. Chombo sina wala sikitaki, maana mimi nikipanda mashua hutapika hata ikiwa bado imefungwa kamba. Mke wangu huniita mvuvi wa nchi kavu.

Nilimkuta Mama Chambo, ambaye hutuuzia chambo kisha anavua na kutushinda wote. Alikuwepo pia Dobi, bwana wa umri wa miaka thelathini hivi, mwenye kibanda cha kufua nguo mtaani kwetu. Tulisalimiana, tukataniana kidogo, tukatupa mishipi. Watu wengine wachache walikuwa mbali nyuma yetu, kuelekea nchi kavu. Nimeulizwa hapa zaidi ya mara moja kama nilimwona mtu mwingine karibu nasi. Sikumwona. Upande wa bahari wazi, mtu akishuka chini kidogo akakaa kati ya mawe, aliye juu hamwoni.

Bahari ilikuwa na hasira siku hiyo. Mara mojamoja wimbi lilipanda mpaka kwenye saruji na kutulowesha miguu. Ilipata saa tatu Dobi alipopata samaki mkubwa. Fimbo yake ilipinda hata nikadhani itakatika. Samaki akakimbilia chini ya mawe, mshipi ukawa unasugua kwenye chaza. Dobi akaanza kushuka amfuate.

Nikamwambia, "Kata mshipi, bwana."

Akasema, "Fundi, nikimkata huyu leo nitalalaje?"

"Utalala chali kama siku zote. Panda juu!"

Alicheka, akaendelea kushuka. Kisha likaja wimbi. Lilipoondoka, pale aliposimama hapakuwa na mtu.

Mama Chambo alipiga ukelele. Mimi nilivua viatu nikashuka. Sikufikiri. Nimeulizwa kwa nini nilishuka wakati kuogelea najua kidogo tu, na jibu sina. Nakumbuka kichwa cha Dobi kikitokeza majini. Nakumbuka nimeshika mkono wa mtu, mkono wa baridi wenye vidole vinene. Halafu likaja wimbi jingine na sikumbuki tena.

Nilipopata fahamu nilikuwa nimelala kwenye mawe ya upande wa bandari, upande mwingine kabisa wa ukuta. Wanasema wimbi lilinivusha juu ya saruji kama mfuko mtupu. Yawezekana. Mimi nilijua tu kwamba bahari ilikuwa kulia na sasa iko kushoto, na damu inaniingia jichoni. Nikatambaa mpaka juu.

Juu nilikuta watu wamejaa. Dobi alikuwa amelazwa kwenye saruji anatapika maji, mguu wake umechanika. Alikuwa akipiga kelele, "Yuko chini! Kamshikeni mwenzangu, yuko chini!"

Nikauliza, "Nani yuko chini?" Hakuna aliyenijibu. Kila mtu alikuwa akichungulia majini, nami nikachungulia. Ikaja boti ya bandari, na nahodha akauliza kwa kipaza sauti tunamtafuta mtu wa namna gani. Dobi, akiwa tayari anabebwa kwenye machela, akasema, "Mtu mzima! Ana shati la bluu!" Wakaondoka naye.

Basi tukamtafuta mtu mzima mwenye shati la bluu. Nilikwenda mpaka ncha ya ukuta na kurudi. Niliita, "Bwana wee! Bwana wee!" kwa sababu jina lake sikulijua. Kuna wakati niliona kitu cha bluu kwenye povu nikawaonyesha watu wa boti, wakazunguka wakakuta ni kipande cha turubai. Machozi yalinitoka. Nilimhurumia mtu yule kwa dhati.

Tulikuwa tumetafuta kwa muda mrefu, jua limeshakuwa kali, wakati Mama Chambo aliponishika bega akanigeuza.

"Fundi," akasema, "umevaa nini?"

Nikajitazama. Nilikuwa nimevaa shati langu la bluu la kazini.

"Si ni wewe uliyeshuka?" akaniuliza. "Mimi nilikuona ukishuka."

"Nilishuka."

"Sasa tunamtafuta nani?"

Kichwa kilikuwa kinavuma. Mama Chambo akawapungia mkono watu wa boti, akawaambia kwa sauti mtu mwenyewe huyu hapa, yu mzima, amekuwa akijitafuta tangu asubuhi. Mtu mmoja akaanza kucheka. Wakafuata wengine. Nahodha akasema kwenye kipaza sauti, "Hongera mzee, umejipata!" Watu walikaa chini kwa kucheka. Nami nilicheka, Afande. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kwa sababu nilikuwa nimemlilia marehemu kumbe marehemu ni mimi.

Boti ikarudi bandarini. Nimeulizwa ni nani aliyetoa amri ya kusimamisha utafutaji. Amri haikutolewa. Nahodha aliniuliza, "Ni wewe?" nikasema, "Ndiyo, ni mimi." Ikaishia hapo. Maneno hayo ni yangu na siyakani.

Nilishonwa kwenye zahanati, nikaenda nyumbani. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Mke wangu alinifungulia mlango akasema, "Karibu, marehemu," kisha akanishika shingoni asiniachie kwa muda. Nililala kidogo. Saa kumi, wakati wa kuona wagonjwa, nilimwambia nakwenda hospitali kumjulia hali Dobi. Alitaka nipumzike. Nikamwambia nitapumzika nikirudi.

Dobi alikuwa macho. Alinishika mkono akanishukuru kwa kujaribu. Neno hilo, kujaribu, sikulielewa. Kisha akauliza, "Na yule mzee, wamempata?"

"Mzee gani?"

"Aliyenitoa."

Nikacheka, nikamweleza kisa chote, shati la bluu na kujitafuta kwangu. Yeye hakucheka. Akanitazama usoni, akatazama mikono yangu, akasema, "Kaka, siye wewe. Wewe nilikuona ukishuka. Wimbi lilikuchukua kabla hujanifikia. Huyu alitoka chini, katikati ya mawe, kama alikuwa amekaa humo. Alinipandisha kwa bega. Aliniambia, 'Panda mwanangu, panda, usitazame nyuma.' Mimi nikapanda, sikutazama nyuma."

Muuguzi alisikia, akaniambia pembeni kwamba mtu aliyenusurika kuzama huona mengi. Huenda alikuwa sahihi. Lakini mimi nilikuwa najiuliza: kama sikumfikia Dobi, mkono nilioushika ulikuwa wa nani? Na kama nimekosea kuhusu mkono, nimekosea na mengine mangapi? Nilisimama kwenye korido ya hospitali sijui niende nyumbani au wapi. Nilimpigia simu Mama Chambo.

Tulikutana kwenye ukuta, jua bado lipo. Maji yalikuwa yamekupwa sana. Mama Chambo alisema, "Fundi, kama kichwa kinakusumbua useme tu, mimi sitakucheka tena." Tukashuka polepole upande wa bahari wazi. Chini ya jiwe moja tukaona fimbo ya kuvulia imebanwa, na kando yake mfuko wa plastiki wenye koti la ulinzi na tochi.

Nikalala kifudifudi nikaanza kuita kwenye matundu, moja baada ya jingine. Niliita, "Bwana wee!" vilevile kama asubuhi. Kwenye tundu moja nikasikia kitu kinagongwa kwenye jiwe. Nikaweka sikio. Kikagongwa tena.

Alikuwa chini, kina cha kupita urefu wa mtu, mguu wake umebanwa na jiwe lililosogea. Nywele zake nyeupe zilikuwa na mchanga, na shati lake lilikuwa la bluu, sare ya ulinzi. Baadaye tulijua kwamba ni mlinzi wa usiku katika shule moja, na kwamba akitoka kazini huja kuvua peke yake kabla ya kwenda kulala. Anaishi peke yake, ndiyo maana hakuna aliyemuulizia. Maji yalipojaa yalimfika kidevuni. Nilimmulikia kwa tochi yake mwenyewe nikamwambia, "Mzee, tupo, tumefika, tunakutoa sasa hivi."

Midomo ilikuwa imemkauka. Aliniuliza, "Asubuhi mlikuwa mnacheka nini?"

Mama Chambo alikuwa amekaa juu ya jiwe ameziba uso kwa kanga yake. Nikapiga simu bandarini kumwita nahodha, naye na watu wake wakaja na jeki na nyaya, wakamtoa kabla giza halijaingia. Hakuna aliyepiga mzaha.

Nimeulizwa kama kuna mtu ninayemlalamikia. Hapana. Nimeulizwa kama nina hakika sasa ni nani aliyemtoa Dobi majini. Nina hakika ni mlinzi. Nimeulizwa mkono nilioushika ulikuwa wa nani. Sijui. Nilimuuliza mlinzi mwenyewe, naye hajui.

Leo asubuhi kabla ya kuja hapa nilikwenda kumwona. Wamemlaza wodi moja na Dobi, vitanda vinatazamana. Mguu wanasema utapona ila hatautembelea kama zamani. Nilimpelekea uji. Alipomaliza akaniuliza tena lile swali, safari hii kwa upole, kama mtu anayetaka tu kujua. "Sikuwa na hasira," akasema. "Nilidhani labda ni sherehe."

Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu shati, kuhusu turubai, jinsi nilivyokwenda mpaka ncha ya ukuta nikiita mtu ambaye ni mimi, na nahodha alivyonipongeza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka. Alicheka sana, kitanda kikalia, Dobi naye akacheka, hata muuguzi akaja kutazama kuna nini. Halafu mzee akavuta shuka akajifunika uso. Shuka ilikuwa inatikisika. Nilikaa pale nimeshika bakuli, na sikujua kama bado anacheka.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo, na yale nisiyoyajua nimeyaacha kama yalivyo. Nimesomewa nikiwa na akili zangu, nami nakubali kwamba ni maneno yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, kwa mkono wangu, na kumsomea shahidi kwa sauti. Aliomba nirudie sehemu ya mwisho, nikarudia. Hakubadilisha neno. Ameondoka kituoni saa kumi kasoro robo, akisema anawahi wakati wa kuona wagonjwa.

Koplo wa zamu (ametia sahihi)