Samaki Aliyefunga Mdomo

Mama mpenzi,

Natangaza kwa ukoo mzima, wa Koboko na wa Midia, na asiyesikia aambiwe: mwanao amepewa kiti. Tangu nifike Uarabuni kazi yangu ya ulinzi ilikuwa kusimama. Sasa nakaa kama chifu, mbele ya tangi la kioo la samaki wa baharini, ndani ya duka kubwa. Nawe je? Goti limepoa?

Ijumaa ulinikatia simu. "We Juma, funga mdomo! Unaita balaa gani?" Kosa ni langu. Nilisema "mtoto" kwa sauti, na kwetu tumbo halitajwi mpaka kilio cha kichanga kisikike. Basi leo mke wangu simtaji. Nitakueleza habari za samaki tu.

Yuko mmoja, mdogo kama kidole, mdomo mpana, anaishi katika shimo la mchanga chini kabisa. Jike alimwachia mayai akaenda zake. Dume ameyatia mdomoni, yamejaa, hata kula hawezi. Dada mmoja Mkenya, anayewalisha, alinicheka: "Huyo ndiye askari. Wewe umekalia kiti tu."

"Na watoto wakigonga kioo?"

"Akishtuka sana, anaweza kuyameza."

Tangu hapo sina usingizi. Nafukuza watoto wa watu mpaka msimamizi amenionya. Nimejiambia, hawa wa mdomoni wakitoka salama, basi na kwetu pia. Naishia hapo.

Lakini Mama, huyu aliyefunga mdomo alichimba shimo kwanza, akalijenga kwa vijiwe, kabla mayai hayajaja. Sisi mara ile ya kwanza tulinyamaza vizuri sana, hata boda ya kumpeleka hospitali hakuna aliyeitafuta. Uchungu na mvua vikamkuta Midia, tukazika kichanga. Hilo ndilo naogopa, kuliko jicho la jirani. Nyamazeni, sawa, ila yule mtu nisiyemtaja mpelekeni kwa dada, huko Mvara, mwezi huu huu. Kutoka pale hospitali ya Kuluva si mbali. Mkiulizwa, semeni amekwenda kumsaidia dada kufua.

Msalimie haboba, bibi yangu aliyenilea, na mjomba fundi cherehani. Dada wa Mvara atandike kitanda. Yule mtu naye mpe salamu, bila kumwambia za nini.

Mwanao wa kiti,
Juma

Bahasha nimeifungua tena. Leo asubuhi mdomo wa samaki ulikuwa mtupu. Nikamuuliza Mkenya: wametoka, au amewameza? Hajui, vitoto hutoka usiku gizani, na pampu ya maji huvuta kila kitu. Samaki mwenyewe anakula vizuri.