Hotpoti ya Mke Mwenzangu

Jumatano. Mvua inanyesha tangu alfajiri, kichochoro chetu hapa Mkunazini kimejaa maji, nami nina hasira ambazo sina wa kumtupia isipokuwa wewe, shajara.

Nianze na jana. Jana nilikuwa na furaha mbaya.

Nasra, mke mwenzangu anayekaa Mtoni, aliniletea makaroni kwa bodaboda. Hotpoti mpya, imefungwa kitambaa cha maua, utadhani anapeleka futari kwa wakwe. Tangu mume wetu Seif amuoe, hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuniletea chakula. Na kwetu kila mtu anajua, chombo cha mtu hakirudi kitupu.

Basi sikukirudisha kitupu.

Nilifunua, nikaona makaroni yamelala na nyama ya kusaga ndani ya tui zito. Sikuonja hata moja. Nikafunika, nikafunga kitambaa chake vilevile, nikampa bodaboda ayarudishe alikoyatoa. Sikutuma salamu. Akufukuzaye hakwambii toka.

Kisha nikawapigia simu dada zangu, tukacheka mpaka mbavu hatuna. Nilimfikiria yule mtoto wa watu anafunua hotpoti, anakuta chakula chake mwenyewe kinamtazama. Nilitaka alie. Naandika hivi hivi, sitaki kujisafisha.

Maana mimi nimebakiwa na nini? Ujana anao yeye. Nyumba mpya anayo yeye. Mimi nina mkono wangu wa jikoni. Makaroni yangu ya nyama na tungule ndiyo anayojivunia Seif kwa wageni wake, na siku zote husema hata akifumbwa macho atanijua kwa mapishi.

Leo ni zamu yangu. Seif ameingia mchana, amevua viatu vilivyolowa, uso umemchanua.

"Mke wangu, yale makaroni ulotuletea jana! Nasra kaniwekea mezani, kanambia haya yametoka kwa bi mkubwa. Nshakula makaroni yako miaka yote, lakini jana ulijishinda. Mkono wako siupotezi mie."

Nikamuuliza Nasra alisema nini zaidi.

"Hajasema kitu. Kakaa ananitazama nnavyokula, anacheka."

Nasra alijua anachofanya. Wala hakusema uongo, yalitoka kwangu kweli.

Ningeweza kumwambia Seif pale pale. Nikasema ahsante, nikageukia jiko ili asinione uso. Miaka yote nimempikia mtu huyu, kumbe ulimi wake haunijui.

Na hakuishia hapo. "Ijumaa nna wageni baada ya sala. Wapikie yale yale, na ule uchachu wake usiusahau."

Uchachu gani? Ukwaju? Ndimu? Embe mbichi? Nimesimama mbele ya sufuria kama mwari aliyeingia jikoni jana. Nikikosea, Seif atauliza. Nikisema kweli, sifa zote zinakwenda Mtoni, na aibu inabaki Mkunazini.

Anayejua ni mmoja tu Unguja nzima. Simu nimeishika tangu alasiri. Atapokea, najua. Atanipa shikamoo, ataniita dada, atanielekeza kila kiungo bila kunificha.

Lakini kwanza ataniuliza, kwa ile sauti yake ya adabu, "Kwani hukuyaonja?"

Nitamjibu nini?